Mafunzo ya uigizaji wa tamthilia za kale kwa vijana wa Mombasa

Mzazi wa Mombasa anapoambiwa kwamba mwanawe wa miaka 14 atafundishwa kuigiza tamthilia za Sophocles na Shakespeare, aghalabu hufikiria mambo matatu: Kiingereza kigumu, mavazi ya ajabu, na vijana wanaopaaza sauti pasipo sababu. Mambo hayo hayakosekani katika mafunzo mabaya, wala mzazi hafai kulaumiwa akiuliza faida yake ni nini wakati mitihani inabisha hodi. Hata hivyo, kinachofundishwa hasa ni kitu kingine. Mwigizaji hufundishwa kulichukua wazo refu, lililopangwa kwa mizani, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, pumzi isimkatikie na maana isimponyoke, mbele ya watu walioketi mbali naye. Kijana aliyelelewa Mombasa huingia katika mafunzo hayo akiwa na sehemu kubwa ya nidhamu inayohitajika, kwa kuwa amekwisha kusikia tenzi zikighaniwa na amesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Lakini mazoea hayo hayo humkwamisha asipopata mwalimu anayejua yanasaidia wapi na yanazuia wapi.

Tamthilia zenyewe ni za nyakati mbili zilizoachana sana. Kuna za Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, zilizoandikwa na Aeschylus, Sophocles na Euripides kwa ajili ya sikukuu za mungu Dionysus, ambapo waigizaji wasiozidi watatu kwa kawaida walivaa barakoa na kugawana wahusika wote, huku korasi ya watu 12, baadaye 15, ikiimba na kucheza. Kisha kuna za London ya mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, ambapo Shakespeare na wenzake waliandikia kumbi kama Globe, iliyojengwa mwaka 1599 na kuteketea kwa moto mwaka 1613. (Kwa anayependa kulinganisha tarehe, Romeo and Juliet inakadiriwa kuandikwa karibu mwaka 1595, Wareno walipokuwa wangali wanaijenga Fort Jesus, kazi waliyoianza mwaka 1593.) Kinachoziunganisha nyakati hizo mbili ni hali ya ukumbi. Michezo ilionyeshwa mchana, chini ya anga, bila taa na karibu bila mandhari yoyote ya kujengwa. Usiku, dhoruba, msitu na uwanja wa vita vililetwa na maneno matupu, kwa hiyo mwigizaji aliyelipoteza neno aliwapotezea watazamaji mahali pote walipokuwa wamefikishwa.

Hapo ndipo mizani inapoingia. Sehemu kubwa ya tamthilia za Shakespeare imeandikwa kwa mistari ya silabi 10, mingi isiyo na vina, ambamo silabi isiyo na mkazo hufuatwa na yenye mkazo, mara 5. Mpangilio huo huvunjwa kila mara, tena kwa makusudi. Mstari unaojulikana kuliko yote, "To be, or not to be, that is the question", una silabi 11. Moja imezidi, haina mkazo, na inamwacha msemaji wake, mwanamfalme Hamlet, akining'inia pale ambapo mstari wa kawaida ungalimpa mahali pa kukanyaga. Wanafunzi wengi hufundishwa haya kama habari za kukariri, lakini kwa mwigizaji ni maelekezo ya kazi. Mkazo humwonyesha neno ambalo mwandishi alitaka lisikike. Mwisho wa mstari humwonyesha pale ambapo wazo linatafuta njia ya kuendelea. Na silabi iliyozidi au iliyopungua humdokezea kwamba kuna jambo limemtikisa mhusika. Hata kuacha mizani kabisa kuna maana. Katika mazishi ya Julius Caesar, kwenye tamthilia yenye jina hilo, Brutus, mmoja wa waliomuua, anawahutubia Warumi kwa nathari, kwa hoja zilizopangwa vizuri. Antony anayemfuata anasema kwa mizani, na umati unahamia upande wake. Kijana aliyepewa hotuba hizo mbili azizungumze moja baada ya nyingine huhisi tofauti hiyo mwilini kabla hajaweza kuieleza.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba sisi twahesabu vingine. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili). Kipande cha utenzi kina mizani 8. Twahesabu silabi na twatunza vina, lakini hatuhesabu mikazo. Zaidi ya hayo, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mshororo wetu huishia kwenye silabi dhaifu, na kina husikika papo hapo. Mstari wa kawaida wa Shakespeare hupanda mpaka silabi yake ya mwisho, ilhali wetu hupanda kisha ukashuka hatua moja. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyezoea mwendo wa kwetu, anapoigiza kwa Kiingereza, hushusha sauti kila anapofika ukingoni mwa mstari na kulimeza neno la mwisho, ambalo mara nyingi ndilo zito kuliko yote. Pamoja na hilo, maneno yetu mengi huishia na irabu, ilhali Kiingereza hutegemea sana konsonanti za mwisho. Zikiangushwa, mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi hupata nusu ya neno. Lafudhi ya Mombasa haina kosa lolote hapa. Walimu wanaotumia miezi kadhaa kuwafundisha watoto kutamka kama watu wa London wanarekebisha kisichoharibika, huku mwisho wa mstari ukiendelea kuanguka.

Kwa nini basi wasianze kwa Kiswahili? Kwa maoni yangu ndivyo ipasavyo, na matini zipo. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi (The Merchant of Venice). Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968, kisha mwaka 1971 akatoa Mfalme Edipode kutoka kwa Sophocles. Mwaka 2012, katika tamasha lililoleta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37 katika ukumbi wa Globe wa sasa mjini London, waigizaji wa Kenya walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Kijana anayeanza na tafsiri kama hizi hupambana na jambo moja kwa wakati mmoja, yaani kulibeba wazo, badala ya kupambana pia na msamiati wa Kiingereza wa miaka 400 iliyopita. Akiisha kuzoea, Kiingereza kinaweza kufuata. Tatizo la tafsiri za miaka ya 1960 ni kwamba baadhi ya maneno yake yamekuwa mageni kwa kijana wa Majengo au Kisauni wa leo, kwa hiyo mwalimu hana budi kuketi na kundi lake na kulipitia kila neno mezani kabla mtu yeyote hajasimama.

Sasa nirudi kwenye mazoea ya nyumbani. Mtoto aliyesoma chuoni na kufundishwa tajwidi amefundishwa, kwa ukali ambao shule za uigizaji zingeuonea wivu, mahali inapotokea kila herufi, urefu wa kila irabu, na pale panaporuhusiwa kusimama na kuvuta pumzi. Anaweza kutenganisha dh na z, th na s, gh na g, na amezoea kuipanga pumzi yake kabla ya kuanza aya. Sisemi kwamba kisomo ni maonyesho. Kisomo ni ibada, na mwalimu wa uigizaji hana ruhusa ya kukigeuza kuwa zoezi la jukwaani. Lakini ulimi na mapafu ya mtoto huyo vimekwisha kuzoezwa, na mwalimu mwenye busara hujenga juu ya mazoea hayo bila kuvigusa vitu vyenyewe. Vivyo hivyo mtoto aliyemsikia bibi yake akighani utenzi anajua, hata kama hajawahi kuambiwa, kwamba mizani hailazimishwi, huachwa ipite.

Kinachozuia ni mahadhi. Kughani kuna sauti yake, na sauti hiyo hujirudia ubeti kwa ubeti, kwa sababu kazi yake ni kuyabeba maneno yakumbukwe. Jukwaani mahadhi yale yale huyafunika maneno. Chukua mshororo kama huu: "Alikuja kwa upole, akatoka kwa kishindo." Mghani ataupa ukwapi na utao mwendo uliolingana, na ni sawa. Mwigizaji lazima atafute pale maneno yanapopigana: kuja na kutoka, upole na kishindo. Akilipa "upole" uzito wake na kulihifadhi sikioni mwa msikilizaji mpaka "kishindo" kifike, mshororo unakuwa tukio. Msikilizaji anataka kujua kilichotokea katikati. Akiuimba, unakuwa mapambo. Tamthilia za Shakespeare zimejaa migongano ya namna hii karibu katika kila ukurasa, na sehemu kubwa ya mafunzo ya matini ni kuitafuta kwa kalamu, kisha kwa ulimi. Tatizo hili huonekana pia katika mashairi ya pamoja ya tamasha za drama za shule, ambako kundi zima hupanda na kushuka pamoja kwa ustadi wa kupendeza, na mtazamaji hupiga makofi bila kuwa na hakika shairi lilisema nini.

Kuna zoezi moja maarufu la kuuvunja wimbo huo, linalohusishwa sana na Cicely Berry, aliyekuwa mkufunzi wa sauti wa Royal Shakespeare Company kwa miongo mingi. Mwigizaji hutembea huku akisema hotuba yake, na kila anapofika kwenye alama ya uandishi, iwe mkato, nukta au alama ya kuuliza, hugeuka ghafla na kushika njia nyingine. Mazoezini hali huwa hivi: kijana anaanza kwa hatua ndefu na sauti ya kughani, kufikia mkato wa tatu amegongana na kiti, kufikia wa sita ameacha kughani, kwa kuwa miguu haimpi nafasi. Mawazo yanayobadilika haraka humfanya azunguke karibu mahali pamoja, na sentensi ndefu humvusha ukumbi mzima, mpaka anagundua kwamba alihitaji pumzi zaidi ya aliyovuta. Hapo ndipo somo la pumzi huingia, baada ya hitaji kuonekana. Mwalimu humwonyesha jinsi kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinavyoshuka na mbavu za chini zinavyopanuka, humkataza kuinua mabega, na humtaka avute pumzi inayolingana na wazo analotaka kulisema. Kuanza na nadharia ya kiwambo kabla ya haja hiyo huwachosha vijana, nao wana haki ya kuchoka.

Jambo jingine linalohitaji kufumbuliwa ni uzungumzi nafsia. Shuleni hufafanuliwa kuwa ni mhusika kuzungumza akiwa peke yake, kana kwamba anaongea na nafsi yake, na ufafanuzi huo unatosha kwenye karatasi ya mtihani. Jukwaani unaleta madhara, kwa sababu kijana aliyeuamini huinamisha kichwa na kuiambia sakafu. Katika Globe ya kale mwigizaji aliwaona watazamaji wake wazi, wengine wakiwa wamesimama hatua chache kutoka miguuni pake, katika mwanga ule ule uliomwangazia yeye. Alipobaki peke yake alibaki na wao. Maswali ya Macbeth na Hamlet yakiulizwa watu walio mbele, huwa maswali ya kweli, yanayongoja jibu ambalo haliji. Kwa kijana wa Mombasa hili si geni hata kidogo. Mtu akisimama barazani kueleza kisa, huwageukia wasikilizaji na kuwatia shahidi. Ajabu ni kwamba ustadi huo wa barazani huachwa mlangoni mwa darasa la uigizaji.

Sauti ya kijana inahitaji uangalifu wa peke yake. Kati ya miaka 12 na 16 hivi, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukua na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Kwa mvulana sauti hushuka takriban oktava nzima, na kwa miezi kadhaa inaweza kumruka katikati ya sentensi. Kwa msichana hushuka pia, ingawa kwa kiasi kidogo, na mara nyingi huwa na upepo na hukwaruza. Mwelekezi anayemtaka mvulana wa miaka 14 apige kelele za vita kila siku ya mazoezi anauchosha mwili ambao bado unajengwa. Dalili za kusimamisha kazi ni rahisi kuzitambua: sauti iliyokauka asubuhi baada ya mazoezi, maumivu kooni, au noti za juu zilizopotea ghafla. Kunong'ona hakupumzishi koo kama wengi wanavyodhani. Kunyamaza na kunywa maji ndiko kunakopumzisha. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi ya sauti hupunguzwa, kwa kuwa koo kavu halifai kufanyishwa kazi ngumu, na muda huo hutumika vizuri zaidi kwa kuketi na kuchambua matini.

Wapo wanaosema kwamba vijana hawana umri wa kuzielewa tamthilia hizi. Historia haikubaliani nao. Katika London ya Shakespeare wanawake waliigizwa na wavulana, na kulikuwa na makundi mazima ya watoto waigizaji, yaliyovuma hadi Hamlet mwenyewe anaambiwa jinsi yalivyowapokonya watu wazima watazamaji. Juliet katika tamthilia hajatimiza miaka 14. Mwaka 1956 Michael Croft alianzisha mjini London kundi la vijana lililokuja kuwa National Youth Theatre, na tamthilia yao ya kwanza ilikuwa Henry V. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuelewa na kulazimishwa kuhisi. Njia zilizochimbuka kutoka kwa Stanislavski, mwelekezi wa tamthilia wa Urusi, za kumtaka mwigizaji aulize mhusika yuko wapi, anataka nini na nini kinamzuia, zinawafaa vijana. Kumtaka msichana wa miaka 15 afukue msiba wake mwenyewe ili alie jukwaani hakufai, na mwalimu anayefanya hivyo hana mafunzo ya kumtuliza baadaye. Tamthilia za mizani zina rehema yake hapa, kwa kuwa maneno yenyewe hubeba sehemu kubwa ya hisia. Mwigizaji akiyasema kwa ukamilifu, wanaolia ni watazamaji.

Masuala ya kugusana yaamuliwe mapema, kabla ya kugawa wahusika. Katika makundi yenye wasichana na wavulana, na wazazi wenye misimamo tofauti, mapenzi ya Romeo na Juliet yanaweza kuigizwa kwa umbali wa hatua mbili na yakaeleweka, kwa kuwa mkutano wao wa kwanza wameandikiwa kwa mishororo 14 yenye vina wanayopokezana kama watu wanaojibizana kwa ngonjera. Mapigano nayo hupangwa kwa hesabu, hatua kwa hatua, na hayachezwi kwa kasi kamili mpaka yamezoeleka kwa kasi ndogo.

Kwa kundi linaloanza, ningependekeza Antigone ya Sophocles, inayokadiriwa kuchezwa mara ya kwanza karibu mwaka 441 kabla ya Kristo, ingawa italazimu kundi lijitafutie tafsiri inayosemeka. Mfalme Creon amekataza maiti ya Polyneices isizikwe. Antigone, dada wa Polyneices na msichana asiyeolewa, anakaidi na kuunyunyizia mwili ule udongo. Katika nchi nyingi mwalimu hulazimika kueleza kwa nini mtu afe kwa ajili ya mazishi. Mombasa, ambako maiti haicheleweshwi na kumzika Mwislamu ni wajibu unaoulizwa mtaa mzima, vijana wataingia kwenye ugomvi huo tangu siku ya kwanza, na watagawanyika pia, kwa sababu Creon ana hoja zake kuhusu amani ya mji uliotoka vitani. Korasi huwapa kazi wanafunzi wote waliokosa nafasi za wahusika wakuu, na huwafundisha kusema pamoja bila kuimba pamoja, jambo ambalo tamasha za shule huwa hazilisahihishi.

Mambo ya ratiba na mahali ni mepesi kidogo. Tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza mwaka 1959, hupendelea michezo mipya iliyoandikwa kwa ajili ya mashindano, na mbio zake hula miezi ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo mafunzo ya tamthilia za kale hupata nafasi nzuri zaidi kuanzia muhula wa pili. Mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili za juu, ulioanza mwaka 2026 kwa Gredi ya 10, umeyapa masomo ya uigizaji na filamu nafasi rasmi, ingawa uwezo wa shule kuyafundisha haulingani. Kuhusu mahali, ukumbi wenye paa kama Little Theatre Club humsaidia anayeanza, kwa kuwa kuta humrudishia sauti. Uwanja wa wazi wenye upepo wa bahari humnyang'anya konsonanti zote, kwa hiyo kundi linalotaka kucheza nje lifanye angalau theluthi ya mazoezi yake huko huko nje, saa ile ile ya siku ambayo onyesho litafanyika, mwelekezi akiwa ameketi safu ya mwisho. Tamthilia ipunguzwe hadi saa moja au zaidi kidogo, kwa kukata maonyesho mazima badala ya kunyofoa nusu mistari, kwa sababu mstari ulionyofolewa huvunja mizani na kumnyima kijana nguzo aliyofundishwa kuishika. Na pale kundi linapoanza kukariri, kila mmoja apewe karatasi yenye maneno yake tu pamoja na maneno machache ya mwisho ya mtu anayemtangulia, kama walivyopewa waigizaji wa wakati wa Shakespeare. Asiyejua mwenzake atasema nini hulazimika kumsikiliza mpaka mwisho.